Majoho ya Vyuo Vitatu

...maana jina la chuo si kitu cha mchezo, jina ndilo linaloingia ofisini kwanza, mtoto mwenyewe bado yuko nje anabisha hodi, ndivyo alivyokuwa akiwaza Fundi, magoti yamekita kwenye kipande cha zulia, pini kadhaa zimebanwa midomoni, mkono wa kushoto umeshika upindo wa joho na wa kulia unapima vidole vinne juu ya kifundo cha mguu, vinne tu, chuo hiki kinataka viatu vionekane kwenye picha, na juu yake, amesimama kwenye stuli na simu mkononi, binti yake kitindamimba, ambaye nyumbani na mtaani wanamwita Chiriku kwa sababu hajanyamaza tangu alipojua kusema, anaongea, anaongea, anauliza, "Mama, unanisikia?" na Fundi anajibu, "Mm," kwa kuwa mwenye pini mdomoni hana jibu jingine, na Chiriku anasema, "Hiyo ni mm ya ndiyo au mm ya hapana?" na Fundi anampiga kofi dogo la mguu, zunguka, na Chiriku anazunguka kidogo, joho linapepea, pini ya kwanza inaingia... Jumamosi, saa tano kasoro robo asubuhi, na mwisho ni saa sita kamili mchana, vyuo vitatu vya biashara vimemkubali mtoto, vyote vya binafsi, vyote vya mji huu huu, shahada ya kwanza ya miaka mitatu, na kabla ya saa sita lazima abonyeze kwenye simu hiyo aliyoishika, akubali kimoja, viwili vingine vimpe nafasi mtu mwingine, na Fundi ndiye aliyesema wiki nzima, tusikimbilie, tupime kwanza, mama yako anavijua vyuo hivi kuliko wenyewe wanavyojijua.

Na kweli anavijua, nani mwingine mjini anavijua hivyo, miaka kumi na tisa anawashonea majoho, amewavisha wahitimu wa vyuo vitatu, vinne, vitano, kabla vingine havijafungwa, amevijua kwa kitambaa, kwa bitana, kwa namna wanavyoagiza. Hiki ambacho joho lake Chiriku amelivaa sasa kama mfano ni kile wanachokiita Chuo cha Matangazo, kipo kwenye kila kituo cha basi, kipo redioni asubuhi kabla ya taarifa ya habari, na joho lake lina nyuzi za dhahabu kifuani, mabegani, mpaka kwenye ncha za mikono, ukilivaa unaweza kuongoza bendi, na hicho walikikataa siku ya kwanza, wote wawili, bila hata kikao, kwa sababu Chiriku alirudi na karatasi yao akasema wanadai wahitimu wao wote wameajiriwa, "Wote, Mama, hata yule kaka anayegawa hizi karatasi ni mhitimu wao," wakacheka mpaka Fundi akashindwa kuingiza uzi kwenye sindano. Kwa hiyo vimebaki viwili. Kuna Chuo cha Vioo, kule upande wa mabenki, ghorofa kumi na mbili za vioo, ukipita mchana unajiona umebeba mzigo wako, joho lake jeusi tupu na utepe mwembamba wa bluu, basi, mwenye jina hahitaji mapambo, na kuna kile wanachokiita Juu kwa Juu, ghorofa ya nne na ya tano juu ya duka la samani, unapita katikati ya vitanda na makochi kuifikia ngazi, wanafunzi wake wanaingia darasani wananukia vanishi, joho lake la kijani kibichi, kitambaa cha kawaida lakini wanaomba mishono miwili kwapani, maana wahitimu wao, mkuu wa chuo alisema, hurusha mikono juu... na kutoka nyumbani ni mwendo wa dakika kumi, kumi kwa miguu, na huo si upungufu wala si sifa, ni jambo tu, Fundi alijiambia, ni jambo tu.

"Mama, wifi yako amenipigia tena jana," anasema Chiriku huko juu, na Fundi anatoa "mm" ya kuchoka, kwa sababu dada wa mumewe ana mtoto aliyesoma Vioo na tangu hapo hana sentensi isiyopitia Vioo, ukimwuliza habari za goti lake atakwambia lina nafuu, tena mwanangu tangu alipotoka Vioo amejua dawa nzuri za magoti, utafikiri alisomea udaktari, na yule mwanawe ni mtu mpole, anafanya kazi ya bima, anamwamkia Fundi vizuri, hana makosa, na hata hivyo Fundi akimwona tu huona vioo... Mumewe naye aliulizwa, baba Chiriku, fundi wa lifti, ambaye majengo yote ya mji ameyajua kwa ndani, kwenye mashimo yake, akafikiri muda mrefu huku anavua viatu akasema, "Lifti za Vioo ni nzuri, milango inafunga polepole, haya mengine muulizeni atakayesoma," akaenda kuoga. Hakuna msaada pale. Msaada uko kwenye majoho, pini ya pili, ya tatu, nyoosha, usiinue kisigino, kwa sababu Fundi ana ushahidi, wala si ushahidi wa barazani, Vioo wakiagiza majoho wanatuma jedwali, ndogo tisini, za kati mia mbili na kumi, kubwa mia moja na kumi na mbili, hakuna jina hata moja, watu mia nne na zaidi wamekuwa saizi tatu, na mwaka juzi walirudisha mzigo mzima kwa sababu bluu ya utepe haikuwa bluu ile, ilikuwa jirani yake, wakati Juu kwa Juu mkuu wa chuo anakuja mwenyewe, koti lake limepauka mabegani, anaketi kwenye kiti kile, anatoa karatasi ya majina sitini kwa mwandiko wake, na urefu wa kila mmoja, na maneno pembeni, huyu bega la kulia limeshuka kidogo, huyu amejifungua juzi umwachie nafasi, huyu anatumia kiti cha magurudumu, joho lisifike chini mbele likaingia kwenye gurudumu, na hilo Fundi alilikata mwenyewe, hakumpa msaidizi yeyote, alikwenda mpaka kwenye sherehe kulitazama, kijana akapita jukwaani akijisukuma mwenyewe na kitambaa hakikugusa popote, watu wakasimama, na Fundi akalia nyuma kabisa karibu na spika, akasingizia vumbi. Sasa niambie, chuo kipi kinamjua mtoto. Ndivyo alivyowauliza mezani Jumatatu, na hoja ilikuwa nzuri, bado ni nzuri, hakuna aliyeijibu.

"...kwa hiyo Jumatano nilikwenda," Chiriku anasema, na Fundi anagundua kwamba sentensi ilikuwa imeanza zamani, "sikukuambia, nisamehe, nilikwenda Vioo, wanaruhusu watu kuketi nyuma darasani wiki hii, basi nikaketi, mwalimu akaandika ubaoni duka moja linauza miavuli wakati wa jua kali na halijafunga, kwa nini, na wakabishana, Mama, saa nzima wanabishana miavuli, huyu anasema ni kivuli, huyu anasema ni zawadi, na mimi nikajikuta nimenyoosha mkono, nimesahau kabisa kwamba mimi si mwanafunzi," na sauti yake imebadilika kidogo, imeshuka, Chiriku akisema jambo analolipenda sauti hushuka badala ya kupanda, toka utotoni, "nikasema pengine wanaouza hawauzi miavuli, wanauza kuonekana mwenye akiba, na yule mwalimu akasema, dada wa nyuma ana hoja, wakageuka wote kunitazama... dada wa nyuma," na anacheka peke yake, tumbo linatikisika ndani ya nyuzi za dhahabu, na Fundi anashika kitambaa kisichezecheze, anataka kusema tulia, pini, lakini hawezi. "Alhamisi nikaenda na Juu kwa Juu, ili niwe na haki. Mkuu wa chuo alinipa kiti chake. Akauliza, mama hajambo, cherehani ile kubwa imepona? Ni mtu mzuri, Mama, wote pale ni wazuri, kila niliyekutana naye alinikaribisha, lakini nikashuka ngazi nawaza, pale mimi ni mtoto wa Fundi. Si vibaya kuwa mtoto wa Fundi. Napenda. Ila mtoto wa Fundi nimeshakuwa tayari." Pini ya tano, au ya sita, Fundi amepoteza hesabu, kitambaa cha kijani, hapana hiki ni cheusi chenye dhahabu, kijani ni kile cha rafuni, na juu kule Chiriku anasema taratibu, bila ukali wowote, kama anayeuliza saa, "Jumanne ulisema wahitimu wa Vioo wanaringa, kwamba waajiri wamewachoka, siku hizi wakiona jina la Vioo wanaweka barua pembeni. Nimemwuliza wifi yako, nimemwuliza baba, nimewauliza watu wawili wa benki, hakuna anayejua habari hiyo. Mama, ulisikia kwa nani?"

Kwa nani... "Mm," alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ushonaji alishukuru kwa pini, kwa sababu jibu lilikuwa hakuna, hakusikia kwa mtu, aliyasema tu, yalitoka yenyewe akiwa anakata uzi, nasikia siku hizi waajiri wamewachoka, yalitoka yamekamilika, yamepigwa pasi, hata sauti yenyewe ilikuwa tayari, ile sauti ya mtu anayejua mambo ya mjini, na sasa akiwa amepiga magoti hapa aliitambua sauti ile, haikuwa yake, ilikuwa ya marehemu mama yake, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, kile chuo kina jina baya, nasikia wasichana wanaotoka pale hawapati kazi ya maana. Alikuwa na miaka kumi na minane, alikuwa na barua ya chuo cha uhazili na biashara iliyopigwa mhuri mwekundu, chuo cha mji wa pili, mwendo wa siku nzima kwa basi, aliikunja barua ile mara nne akaiweka chini ya mto wa kulalia, na mama yake akasema vile huku anapepeta, bila kumtazama, na yeye akaamini, kwa nini asiamini, mama anajua mambo, na wiki iliyofuata akapelekwa kwa fundi wa mtaa wa pili kujifunza kushika mkasi, na lazima iseme kweli, nafsi yake, alipenda, alipenda tangu siku ya kwanza, mkasi ulipouma kitambaa ule mlio ulimwingia mwilini, hajawahi kuamka hata siku moja akajuta... ndiyo maana alicheka, miaka mingi baadaye, walipokuwa wanakunja nguo za marehemu, yeye na mama yake mdogo, na mama mdogo akasema huku anacheka na machozi yanamtoka, "Mama yako hakujua hata chuo kile kipo mtaa gani. Alikuja kwangu akaniambia, mdogo wangu, nitafutie neno la kusema juu ya chuo, huyu ndiye wa mwisho, akiondoka nyumba itabaki na mimi na saa ya ukutani. Mimi ndiye niliyemtafutia neno. Nikamwambia, sema kina jina baya, hakuna anayekwenda kulichunguza jina." Walicheka mpaka wakakaa chini. Wakaendelea kukunja. Na Fundi aliliweka jambo lile mahali alipoweka vichekesho vyote vya familia, hakuligusa tena, hakukasirika, hata sasa hakasiriki, mama alikuwa mtu mzuri mwenye nyumba kubwa mno kwa mtu mmoja... lakini Chiriku ni wa ngapi, ni wa tatu, ni wa mwisho, kaka mtu yuko mbali na familia yake, dada mtu anapiga simu Jumapili, na Vioo mwaka wa kwanza lazima wote walale hosteli, imeandikwa kwenye barua yao, mstari wa tano, mstari ambao Fundi aliusoma kwanza kabla hajasoma pongezi.

Basi ni hilo. Ndilo hilo tu. Dakika kumi kwa miguu hazikuwa jambo tu... na pini inayofuata ilikwenda mshazari, akaichomoa, akairudisha vizuri, mkono wake ulijua kazi hata kichwa kikiwa kimekwenda matembezini, na akaona ni haki sasa, kwa kuwa amekwisha kukamatwa na nafsi yake, avipime vyuo upya, kama anavyopima mteja asiyempenda, futi haijui chuki. Juu kwa Juu wanawajua wanafunzi wao, hiyo ni kweli, haikutungwa, ile karatasi ya majina sitini ipo kwenye droo. Lakini yule binti wa duka la dawa pale kona, yule mwenye akili nyingi, alivaa joho la kijani miaka mitatu iliyopita, na bado anasema mwakani, mwakani nitapata kazi niliyosomea, na hilo Fundi hakulitaja mezani. Na Vioo wanatuma saizi tatu, kweli, na bluu, kweli, walimsumbua, lakini kuna jambo jingine la Vioo alilolinyamazia, tena si Jumatatu tu, amelinyamazia miaka minne, yule mwalimu wao aliyekuja na wanafunzi wanane, akaomba waruhusiwe kutazama majoho mia nne yanavyotoka katika chumba kimoja kwa wiki sita, wakakaa juu ya marobota siku mbili, hawagusi kitu, wanaandika, na msichana mmoja mwembamba mwenye miwani akachora chumba chote kwenye karatasi, akachora na nyayo za Fundi, mistari, mistari, kutoka kwenye cherehani kwenda kwenye meza ya pasi na kurudi, akasema kwa adabu, shikamoo mama, samahani, unatembea kama kilomita tatu kwa siku humu humu ndani, ukiisogeza meza ya pasi karibu na dirisha utatembea moja. Waliisogeza siku hiyo hiyo, vijana wanne wakaibeba. Miguu iliacha kumuuma mwezi ule ule. Na mumewe aliporudi akasema, vizuri, nani alikupa wazo hili, Fundi akasema nimefikiri tu. Nimefikiri tu. Yule msichana alikuwa na umri wa Chiriku wa sasa, alisimama katikati ya chumba cha mtu aliyemzidi miaka thelathini akaona kitu ambacho mwenye chumba hajakiona, na hakuogopa kukisema, na hakuringa... chuo kilichomfundisha hivyo kina jina, na jina lake ni la haki, na Fundi ndiye shahidi, tena shahidi aliyeficha.

"Sikulazimishi ujibu sasa," Chiriku anasema, anasogeza kidole kwenye simu, "bado saa nzima. Na ukisema Juu kwa Juu nitakwenda, Mama, wala sitanuna, nitasoma, unanijua." Anamjua. Atakwenda, atapita katikati ya makochi kila asubuhi, atarudi mchana kula, ataongea, jioni ataongea, nyumba itakuwa imejaa, na miaka ikipita kuna siku atakuwa anakunja nguo na mtu, na mtu huyo atamwambia kitu huku anacheka, naye atacheka, kwa sababu ni mtoto mwema... Na hapo Fundi alihisi kitu kikilegea kifuani, si huzuni, karibu na huzuni lakini chenye joto, kama mshono wa muda unavyochomolewa nguo ikishasimama yenyewe, akaona anaweza kulisema, halikuwa neno gumu hata kidogo, lilikuwa fupi kuliko yote aliyoyasema wiki hii, sikusikia kwa mtu, mwanangu, nilitunga, nataka ubaki, ndiyo hiyo tu, nataka ubaki kwa sababu nyumba inapendeza ukiongea, na Vioo ni chuo kizuri, nina ushahidi, kaa nikusimulie habari ya meza, kisha bonyeza unachotaka. Atalisema likiisha duara hili la pini. Limebaki kidogo, nyuma tu. Na akawaza vitu vidogo, kwamba hosteli itataka shuka mbili, kwamba ile hariri iliyobaki inatosha foronya, kwamba Vioo ni mabasi mawili na mtu anaweza kupanda mabasi mawili siku ya Jumamosi hata kama hana la kupeleka, akitaka tu kujiona kwenye vioo akiwa hana mzigo, na kwamba baba yake huwa huko mara mbili kwa mwezi, ndani ya shimo la lifti, atakuwa mzazi wa karibu kuliko wazazi wote. Alitaka kucheka, akajizuia, akajisogeza kwa magoti upande wa nyuma wa stuli.

Kisigino cha kulia cha Chiriku kilikuwa na plasta, na cha kushoto mbili, zimepishana, kingo zimejaa vumbi. Fundi aliguna, mguno wa kuuliza.

"Hizo? Viatu vya dada," alisema Chiriku, bila kugeuka. "Nilitaka kuvaa vizuri siku ile ya Vioo. Halafu lifti zilikuwa na foleni, nikapanda ngazi, ghorofa zote kumi na mbili, kila ghorofa nikachungulia. Kule juu kabisa kuna maktaba, Mama, unaona mji wote. Nilitafuta paa letu. Nimelipata, nadhani, lile lenye tangi jeusi, nikakaa pale kama nusu saa nalitazama, watu wanasoma, mimi natazama paa."

Fundi aliinua ncha ya joho kidogo zaidi, akaziona plasta vizuri, akazigusa kwa upande wa kidole, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto, polepole asije akamuumiza, na Chiriku, aliyedhani anaambiwa azunguke, akazunguka, anaendelea kusimulia juu ya maktaba.